Everlyne Nasipondi: Sauti Iliyofika Kiti cha Nyuma

Everlyne Nasipondi, Anti Eva kwa nusu ya Kitale, alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Bumula, kitinda mimba wa Mzee Wepukhulu na Mama Rispah. Wale mlimjua ukubwani mtabisha, lakini huyu mtu alizaliwa mwoga wa kuongea. Akitumwa chumvi alikuwa anasimama tu mbele ya kaunta, macho kwa vidole vya miguu, mpaka mwenye duka aanze kubahatisha: "Kiberiti? Mafuta taa? Si useme basi, mtoto wa Wepukhulu!" Wageni wakiingia kwa mlango, yeye alitorokea dirishani. Mama Rispah anasema hiyo dirisha iliisha rangi kwa ajili yake.

Alisoma shule ya msingi hapo Bumula, na mwaka wa 1998 akaingia sekondari ya wasichana Bungoma. Kidato cha pili, kila mtu alitakiwa kuchagua somo moja la sanaa. Eva alikimbilia uchoraji, kwa sababu karatasi haikuulizi swali, lakini akakuta darasa limejaa. Ikabaki maigizo. Alilia. Mwalimu wa somo hilo, Madam Nyaruai, alimsikiliza akinong'ona jina lake mwenyewe, akampa nafasi pekee isiyo na maneno: maiti.

"Hiyo ataweza bila mazoezi," rafiki yake Cherop akamchokoza. Cherop ndiye aliigiza mjane.

Muhula mzima Eva alilala ndani ya jeneza la katoni, wenzake wakirudia maneno hapo juu yake mpaka yakamwingia yote. Siku ya tamasha, ukumbi umejaa, Cherop alifika pale mjane anakabili mashemeji, maneno yakamtoroka. Madam ameshika kichwa. Halafu sauti nzito ikatoka kwa jeneza: "Mke wangu, si uwaulize ng'ombe zangu zimeenda wapi!" Na marehemu akaketi.

Ukumbi ulilipuka. Mpishi mmoja alitoka mbio na hajawahi kurudi kuangalia mchezo. Majaji walidhani ndivyo umeandikwa, wakawapa nambari mbili na kusifu "ubunifu wa marehemu."

Eva alikuwa ameongea, na dunia haikupasuka. Madam akamwambia, "Wewe maiti, umeshafufuka, hakuna kurudi. Ukiogopa watu wa mbele, ongea na yule amekaa kiti cha nyuma kabisa." Kufika kidato cha nne alikuwa anaigiza chifu, na chifu mwenyewe alipotembelea shule alimsalimia kwa heshima.

Mwaka wa 2002 alikuja Kitale, Mzee Ranjit akamwajiri kwa duka lake la vitambaa. Wateja walitoka hadi Lwakhakha kununua kipande na kusikiliza saa nzima. "Huyu akikohoa tu," Mzee Ranjit alizoea kusema, "mimi nachukua makasi." Baadaye alifungua kibanda chake mtaani Matisi. Mwaka wa 2014 ikatangazwa ati vibanda vya akina mama vitabomolewa. Kwa baraza, wanaume wa kamati ya soko wakaanza kukagua viatu vyao. Eva akasimama, akatafuta kiti cha nyuma, akaongea. Vibanda viko mpaka leo, bana. Kuna wenye mmenunua nyanya huko mkikuja hapa.

Tarehe 15 Desemba 2007 aliolewa na Kipkemei, mkulima wa Kapsokwony. Siku ya mahari aliulizwa kama anawajua wageni. Bibi harusi wengine hunong'ona "ndio" wakarudi jikoni. Eva alijibu mpaka chai ikapoa. "Nilioa mtu mmoja," Kipkemei husema, "nikapata ukumbi mzima."

Mwaka wa 2024 alipatikana na saratani ya koo. Ugonjwa ulijua pa kugonga. Kufika Juni 2025 sauti ilikuwa imeisha, na familia iliogopa yule mtoto wa dirishani atarudi. Hakurudi. Lile darasa lake la maigizo la watoto, kila Jumamosi kanisani Matisi, aliendelea kulifundisha kwa mikono na macho. Agosti watoto hao waliigiza mbele ya wazazi, naye akaomba kiti chake kiwekwe nyuma kabisa. Chepngeno, mpwa wa Kipkemei, mnyamavu kuliko wote, akasahau maneno. Eva akainuka, bila kushikwa, akanyoosha mkono juu. Msichana akamwona huko nyuma, akavuta pumzi, akaongea mpaka mabati yakasikia. Eva alipiga makofi mpaka binti yake akamkataza: "Mama, utavunjika!" Hakuacha.

Alitutoka tarehe 9 Novemba 2025, nyumbani Matisi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Kipkemei.

Ameacha mume wake Kipkemei, watoto wao Jerono na Kemboi, mama yake Rispah, darasa zima la Jumamosi, na Cherop, ambaye hadi leo anasema ni jeneza lilimharibia mstari.

Wasifu huu unasomwa na Chepngeno. Familia imemwambia asiogope kusahau, maana tunajua vizuri nani angeketi kumsaidia. Lakini zamu hii lala, Anti Eva, lala mpaka mwisho. Maneno tunayo, na wa nyuma wamesikia.