Ismael wa Bucha na Simu za Ijumaa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto kidogo, maana leo tunamkumbuka Ismael Abubakr, mwenye bucha pale Kiritiri. Ismael alifariki Alhamisi alfajiri, ghafla, kwa moyo. Akazikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Lakini mwanawe wa pekee, Jamaldin, aliyeko Uarabuni kwa kazi ya udereva, hakujua. Hilo ndilo linalomtesa mkewe Ismael, Rahema, na ndilo lililomleta hapa studio.

Ismael alikuwa na maoni, jamani. Ukienda kununua nusu kilo ya mbuzi, unarudi na nyama na mawaidha. Gari la kuwashwa kwa kitufe? Alisema hilo si gari, ni zawadi ya mwizi. Yeye na pikapu yake kuukuu, ya ufunguo wa chuma, ambayo nusu ya soko imewahi kuisukuma. Na habari za simu, usiseme. Ukitaja nambari yako ya kitambulisho kwa sauti, anasimamisha kisu akugombeze. Siku moja tapeli alimpigia akijifanya mtu wa benki. Ismael akampa mawaidha marefu mbele ya wateja mpaka tapeli mwenyewe akakata simu. Kiritiri ilicheka wiki nzima.

Basi nambari yake ya siri ya kufungulia simu hakumpa mtu. Hata Rahema hakumpa. Na Jamaldin alikuwa akipiga kwa baba tu, kwa sababu Ismael aliogopa matapeli wanaowapigia kina mama wakijifanya watoto wao wako taabani. Alimwambia mkewe kwamba kina mama wana huruma, wataliwa. Rahema akakubali. Angejuaje?

Tangu Ramadhani iishe, Jamaldin alikuwa kimya. Laini yake haikupatikana. Lakini ndani ya simu ya Ismael mlikuwa na nambari ya rafiki anayefanya naye kazi, na Rahema aliitaka hiyo kabla ya mazishi. Alijaribu mwaka wa ndoa yao. Simu ikakataa. Akajaribu mwaka aliozaliwa Jamaldin. Ikakataa. Kisha ikajifunga, ikamwambia asubiri. Asubiri nini, na wanaume wameshaenda kuchimba kaburi? Maiti haiwekwi kwa sababu ya simu.

Kabla ya mumewe kuoshwa, Rahema aliomba aachwe naye. Alishika kidole gumba chake, akakibonyeza kwenye simu. Haikufunguka. Kisu, chumvi na maji baridi vilikuwa vimefuta alama za kidole hicho miaka mingi. Hata Ismael akiwa hai, simu haikuwahi kukitambua.

"Nilijua," Rahema aliniambia. "Lakini nilikibonyeza tena na tena. Nilikuwa namwomba, Baba Jamaldin, nisaidie mara hii moja tu."

Wakamzika.

Kesho yake, Ijumaa, simu ya Ismael ilikuwa kwenye chaji. Ikawaka. Haikulia, wasikilizaji wapendwa. Iliwaka tu, ikaonyesha nambari ya nchi za nje, ikaandika kwamba imezuiwa, ikazima. Njagi, jirani anayetengeneza simu, alikuwa amekuja kutoa pole. Rahema akamwonyesha. Njagi akatafuta kiti kwanza, akaketi. Baada ya yule tapeli, alisema, Ismael alimwomba aitengeneze simu ikatae kila nambari ambayo haijahifadhiwa ndani yake. Naye akamfanyia. Ilikuwa mwisho wa Ramadhani.

Rahema akazikumbuka zile Ijumaa zote. Ismael alikuwa akifunga bucha mapema, anakaa na simu mkononi, anamngoja mwanawe. Ujumbe wa mtu asiyemjua alikuwa akiufuta bila kuusoma. Na simu ikiwaka bila kulia, anaitazama, anasema, "Wezi hao. Wameshindwa tena."

Njagi aliipiga ile nambari kwa simu yake mwenyewe, akampa Rahema. Alikuwa ni Jamaldin. Alikuwa amepoteza simu yake, akanunua laini mpya, na kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alikuwa akimpigia baba. Aliposikia tu sauti ya mama, akamkata kauli.

"Mama, nimemkosea nini Baba? Mwambie anipokee."

Ikabidi Rahema amwambie. Akamweleza pia habari ya nambari kuzuiwa, tena kwa kirefu. Jamaldin haamini. Anadhani mama anambembeleza tu, na kwamba baba yake alikufa akiwa na hasira naye. Siku hizi hata kula hali vizuri, na Rahema hana namna ya kumfikia akamshika mkono.

Kwa Rahema, kwa jamaa zote na kwa Waislamu wa Kiritiri, poleni sana. Mungu amrehemu Ismael. Nanyi wasikilizaji wapendwa, msinielewe vibaya. Matapeli wapo, fungeni simu zenu. Lakini leo hii mwangalieni mtu mnayekaa naye nyumba moja, mjiulize kama ataweza kumpata mtoto wenu siku mkiwa hampo.

Na wewe Jamaldin. Mama anasema huwa unatusikiliza huko kwa mtandao. Ameniomba nikuambie mimi, kwa kuwa yeye humwamini. Baba yako hakukukataa, kijana wangu. Kila ulipopiga, alikuwa ameishika simu, anakungoja wewe.