Nani Ameshaingia Mule?

Benchi lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi viatu, na kila gari la taka lilipotaka kupita, wakaaji walilazimika kukunja miguu. Hapo walikutana kila jioni watu watatu. Soli, mwenye kibanda. Konda, aliyestaafu kazi ya kukata tiketi bila kuistaafisha sauti yake. Na Gazeti, karani wa zamani aliyesoma hata karatasi iliyofungiwa sabuni. Kahawa aliwaletea mama mmoja waliyemwita Shangazi, naye akimaliza kumimina hukaa kusikiliza.

Siku hizo habari ilikuwa moja tu. Shamba la kale lililo nje ya mji limefunguliwa. Miaka nenda miaka rudi lilikuwa la ukoo wa matajiri, limezungushiwa ukuta wa mawe. Sasa ukoo umekwisha, na jumba, msitu na ziwa vimekuwa mahali pa kila mtu kutembea, kuendesha baiskeli na kupiga makasia.

— Baiskeli za mule hazina breki, Konda alisema. Wahenga walishanena, haraka haraka haina baraka.

— Hiyo na breki vinahusiana wapi? Shangazi akauliza.

— Kama baraka hamna, breki itoke wapi?

Gazeti naye alikuwa na yake. Alidai ziwa lile halina chini, na kwamba mashua huingia pangoni zikaibukia jikoni mwa jumba, mbele ya mpishi ambaye hajaambiwa kuwa tajiri wake amekufa. Akamalizia kwa kusema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ndiyo hilo jiko. Hakuna aliyempinga, maana hakuna aliyejua ngama ni kitu gani.

Soli alicheka pamoja nao, kisha akainamia kiatu. Ziwa lile alilijua kwa maneno ya mkewe. Kabla hawajaoana walipita nje ya ukuta ule, na binti yule, mwalimu wa michezo asiyejua kutulia, akampanda mabegani ili achungulie. Alikaa juu hadi magoti ya Soli yakaanza kutetemeka. Aliposhuka alisema kuna maji mule, maji mengi, na siku moja ampeleke. Wakati huo hapakuwa na mlango wa watu kama wao. Sasa mlango upo, lakini kiharusi kimempoozesha Mwalimu upande wote wa kushoto, naye hushinda dirishani kwenye kiti cha magurudumu.

Soli hakumwambia kwamba shamba limefunguliwa. Aliona kumtajia maji mtu asiyeweza kuyafikia ni kumtonesha kidonda. Hata redio aliizima habari hiyo ilipoanza. Lakini kila Konda alipoongeza chumvi, yeye alimwona mkewe mule ndani, mzima, akitembea mbele yake bila kugeuka.

Jioni moja, Konda alipokuwa amefikia kisa cha miti inayowakwea watu, magurudumu yakasikika kwenye kokoto. Jirani alikuwa akimsukuma Mwalimu. Tangu augue hakuwahi kufika pale.

— Karibu, shemeji, Konda alisema, akasimama.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Maneno yake siku hizi yalitoka polepole, nao wakamngoja.

— Sauti zenu zinanifikia dirishani. Nani kati yenu ameshaingia mule?

Konda akamtazama Gazeti. Gazeti akatazama ndani ya kikombe.

— Hata wewe, mume wangu?

— Hata mimi. Ningeendaje, nikuache dirishani?

— Kwa nini ilikuwa lazima uniache?

Soli alikiweka kiatu chini. Akasema kwa sauti ya chini kwamba alihofia ataumia.

— Naumia, Mwalimu alisema. Naumia nikiwa ndani.

Kesho yake kibanda hakikufunguliwa. Njia ya kwenda shambani ilikuwa na mawe, na mara mbili Soli, aliyekuwa akisukuma kiti, alisimama kufuta jasho akitafuta namna ya kusema warudi. Mwalimu hakugeuka. Kwenye gati, wahudumu wawili walimbeba wakamweka kwenye mashua yenye kiti cha kuegemea, wakamfunga mkanda kifuani, wala hakuna aliyeshangaa.

Soli alipoketi mbele yake, Mwalimu akaomba kasia. Kwa kuwa alivuta kwa mkono mmoja tu, mashua ilizunguka pale pale, jumba likapita mbele yao, kisha msitu, kisha jumba tena. Soli alinyoosha mkono achukue kasia la pili.

— Bado, mkewe akasema. Acha kwanza.

Soli akaurudisha mkono wake magotini, wakazunguka.