Krismasi Ambayo Baba Neema Hakushika Kisu

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana ndugu wa mume wamenichosha, lakini leo nimesimama hapa nina furaha!

Mume wangu, Baba Neema, mnamfahamu, mwanajeshi mstaafu, tunakaa hapa Ilembo. Alienda kulinda amani nchi jirani akarudi na viungo vyake vyote, watu wakasema amerudi salama. Salama gani?

Kila Krismasi ukoo wake unatoka Mamba na magunia ya mchele, unajaa nyumbani kwangu. Watoto wanalipua baruti za viberiti uani, paa! Baba Neema anaruka kwenye kiti, na watu wazima wanacheka! Kisha shemeji yangu anamkabidhi mbuzi na kisu. Eti yeye ni afande, damu ameizoea. Ndugu zangu, nani aliwaambia damu inazoeleka? Anachinja, ananawa, ananawa tena, halafu anatoka kimyakimya, anaishika njia ya Sitalike kwa miguu. Mimi nabaki kupakua pilau na kuulizwa afande yuko wapi. Krismasi ya mwaka juzi alirudi kesho yake. Nikaanza kuogopa kwamba kuna sikukuu atatoka asirudi kabisa.

Nikafunga, nikaomba: Bwana, nipe uvumilivu. Hakunipa! Nikaomba tena, wapi!

Krismasi iliyopita shemeji akaja na kisu chake. Nikamwona mume wangu ananawa mikono kabla hata hajakishika. Ndugu zangu, sijui nguvu ile ilitoka wapi kama si kwa Mungu! Nikakinyakua kile kisu mbele ya mama mkwe.

"Shemeji, leo hachinji! Na baruti basi! Nyie mnamwona afande, mimi namwona analia usiku!"

Mama mkwe akaniangalia, nikajua leo nafukuzwa. Kumbe machozi yanamtoka.

"Mwanangu, mbona hamkutuambia?"

Mwenyewe akawanyang'anya watoto viberiti, akaagiza jirani yetu Mwislamu aitwe achinje, na yeye tukala naye.

Baba Neema hakwenda popote. Alikula, akaomba aongezwe! Januari akakubali tukamwone daktari, na bado tunaenda.

Namshukuru Mungu aliyeninyima uvumilivu. Na wewe mwenzangu mwenye askari nyumbani, unayeambiwa kila sikukuu vumilia tu, ni wageni: mtegemee Bwana, omba, halafu simama useme. Mumeo anangoja mtu wa kumsemea.