Mama Kioo na Mkanda wa Harusi

Ijumaa, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa maabara yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Sote tunamwita Mama Kioo, na jina hilo alilipata kwa sababu ya kitambaa.

Wiki yake ya kwanza aliambiwa aandae kioo cha kudundishia atomi. Akakuta kipande cha kioo kilichobonyea kidogo, kimebandikwa mkanda mweusi wa video. Akaubandua, akakisugua kioo kwa kitambaa kikameremeta, akakipeleka kwa fahari. Kumbe mkanda ndio uliokuwa kioo! Mkandani hurekodiwa mawimbi ya sumaku. Atomi zilizopozwa kwa leza hadi zinakaribia kutulia huangushwa juu yake, na sumaku huzirudisha juu kabla hazijaugusa. Profesa alicheka mbavu hana. Mama Kioo yeye aliuliza maswali mpaka saa ya kufunga, na hajaacha mpaka leo.

Swali lililomkosesha raha ni hili: kama kioo kilichobonyea hukusanya mwanga, mbona chetu kinatawanya atomi? Kila tulipojaribu, zilirudi zimesambaa kama mchele uliomwagika. Yeye alishuku vikunjo vya mkanda. Akabandika, akabandua, akabandika tena, hadi mikanda ikatuishia, na madukani haiuzwi tena.

Mwaka huu, alipoona muda unamtupa mkono, alileta kaseti ya harusi yake. Nakala nyingine hana. Tulimsihi aache, naye akasema mumewe ameridhia, mradi awepo siku ya jaribio. Basi tukafuta vigelegele na keki, tukarekodi mawimbi. Akaubandika mkanda taratibu, bila kikunjo hata kimoja.

Atomi zilianguka, zikadunda, na kwenye skrini lile wingu likajikusanya likawa nukta moja angavu. Mama Kioo alilia waziwazi. Shemeji yetu aliikodolea macho ile nukta, kisha akauliza yeye ni yupi hapo, na bibi harusi ni yupi. Wanafizikia wote wa chumba kile walishindwa kuwatenganisha.

Asante, Mama Kioo, kwa mikono yako na kwa maswali yako, hasa yale yaliyotuudhi. Wewe na shemeji tunawatakia maisha mema, marefu, yasiyo na vikunjo. Kioo tutakitunza. Ila kile kitambaa, tafadhali, ondoka nacho.