Zimwi Lililosamehewa

Kijiwe chetu ni benchi refu nje ya kibanda cha kinyozi, mguu mmoja umefungwa waya. Asubuhi hiyo Fundi Feni alikuja macho mekundu kama mtu aliyechomelea vyuma bila miwani. Akakaa, akasimama, akakaa tena. Binti yake wa miaka mitano halali wiki nzima sasa. Anapanda kitandani na viatu, eti zimwi likija awe tayari kukimbia.

— Si mwalimu wa chekechea kasema tusiwatishe watoto? akaanza Fundi. Ile hadithi anayoipenda binti yangu, mwishoni zimwi linapasuliwa tumbo, watu wote liliowameza wanatoka. Nikaibadilisha. Zimwi likaomba msamaha, likasamehewa, likaenda zake.

— Umefanya la maana, akasema Kinyozi, wembe mkononi. Damu damu zile zinaharibu akili. Mwana umleavyo…

— Ndivyo akeshavyo! akamkatiza Breki, dereva mstaafu wa lori. Na zamani, Fundi, alikuwa analala?

— Fofofo! Tumbo likipasuliwa tu, anapiga miayo.

— Basi mwanao ana roho mbaya.

— Roho mbaya unayo wewe, Kinyozi, akasema Breki. Mtoto ana hasira kama sisi, ila hana pa kuipeleka. Akichapwa, atamchukia mama yake? Hawezi, ndiye anayempa chakula. Hasira yote anambebesha zimwi. Zimwi likifa, mama anapendwa upya.

Fundi akasimama.

— Kwa hiyo zimwi ni mke wangu?

— Sijasema hivyo.

— Umesema, Breki! Hawa mashahidi!

— Labda ni wewe, akasema Kinyozi. Sauti nzito, unakula sana, unarudi jioni unanguruma.

Tukacheka. Fundi hakucheka. Muuza kahawa akamjazia kikombe. Akakishika tu.

— Mimi nasema zimwi ni meno, Kinyozi akaendelea. Ya utotoni yanataka kung'oka, ndiyo maana anaota vitu vinavyotafuna. Na usihofu, zimwi likujualo halikuli likakwisha.

— Sasa hapo umemtuliza au umemmaliza? akauliza Breki. Likibakiza, linabakiza nini? Kisigino?

Wakiwa katika kisigino, mke wa Fundi akatokea na kapu la sokoni, kamshika binti mkono. Kinyozi akainama, akalainisha sauti.

— Mwanangu, usiogope, eh? Zimwi ni hadithi tu. Halipo.

— Najua halipo, akasema mtoto. Lakini halijafa.

Mtoto akatutazama mmoja mmoja, benchi zima.

— La kwenu nyie, mlipokuwa wadogo, aliliua nani?

Kinyozi akaanza kufuta wembe ambao ulishakuwa safi. Breki akakodolea macho mashapo ya kahawa yake. Mimi nami nilijikuta nasikia mlango fulani wa nyumbani kwetu ukifunguliwa usiku, ule wa utotoni.

Fundi akaweka kikombe chini, akampakata binti yake.

— Hapo kale, palikuwa na zimwi.

— Lile lile?

— Lile lile.

Akasimulia pale pale, mkewe kasimama na kapu kichwani. Zimwi likameza mbuzi, likameza wachungaji, likameza mji. Msichana mdogo akanoa kisu, akalisubiri njiani. Fundi akafika penye tumbo, akasita, akamwangalia mkewe.

— Pasua, akasema Breki kwa sauti ya chini. Pasua, bwana.