Kiraka cha Kumi na Nne: Wasifu wa Marehemu Everlyn Wangui Mulwa

Marehemu Everlyn Wangui alizaliwa Kinoo tarehe 14 Machi 1972, kifungua mimba wa marehemu Mzee Waithaka na Bi. Janice. Mimi ni Ciru, mdogo wake. Niliombwa niandike kwa kuwa ndimi niliyemjua zaidi. Sasa sijui kama nilimjua.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Kinoo kuanzia 1979 hadi 1986, kisha akajifunza ushonaji. Walimu walimlalamikia kwa kuchora maua pembeni mwa kila daftari.

Mwaka 1991 alianza kushona kwenye ghorofa ya tatu, Barabara ya River. Kila kazi ya mkono wake aliimalizia kwa mafundo matatu ya uzi mwekundu, upande wa ndani. Wanakwaya mkitaka kuhakikisha, geuzeni pindo za kanzu zenu.

Alifunga ndoa na Lazarus Mulwa Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1996, katika kanisa letu karibu na Adams Arcade. Gauni alijishonea mwenyewe, hakumwamini fundi mwingine.

Mwaka 2011 mwanakwaya mwenzake, Ajwang, alipojulikana ana virusi vya Ukimwi, watu walimwachia benchi zima. Wangui akawakusanya waumini waliokuwa na virusi, akawapa sindano, wakashona pazia la madhabahuni. Kila mtu alishona kiraka chake, bila jina, na asiye na virusi hakuruhusiwa kushona. Waumini walilisifu pazia kabla ya kuambiwa ni kazi ya nani. Benchi la Ajwang likaanza kujaa, polepole.

Siku moja alimleta Ajwang kwangu Kitisuru kunywa chai. Ajwang alipotoka, nilikichemsha kikombe chake kwenye sufuria. Wangui akanikuta. Alikiepua, akajimiminia chai humo, akanywa huku akiongea habari za mvua. Nikadhani yamekwisha.

Jumapili, tarehe 1 Juni 2025, alipatwa na kiharusi. Alifariki Jumanne, tarehe 3. Daktari alisema ni shinikizo la damu. Kamati ya mazishi ilitaka niandike “aliugua kwa muda mfupi,” kama kawaida yetu, nami nilikuwa nimeshaandika. Kisha akina mama wa kanisa wakateremsha pazia lifunike jeneza. Nikiligeuza nilipige pasi, niliona mafundo matatu mekundu nyuma ya kiraka kimoja. Wenzake aliowakusanya walikuwa kumi na watatu. Viraka ni kumi na vinne. Miaka yote hiyo hakuna aliyehesabu.

Nilimuuliza Lazarus.

“Alijua tangu elfu mbili na tano,” akasema. “Dawa alikuwa anameza kila siku, hata akiwa kwako. Aliniambia, ‘Ciru usimwambie, atachemsha vikombe zote.’”

Nimechanganyikiwa hadi sasa. Nacheka, halafu nalia. Virusi sivyo vilivyomuua, basi kwa nini nivitaje? Lakini nikinyamaza, naona ni kama bado niko pale jikoni na sufuria yangu. Lazarus na watoto wameniruhusu nisome haya.

Ameacha mume wake Lazarus, watoto wao Quincy na Mwende, mama yetu Bi. Janice, wenzake wa pazia, na mimi. Tukitoka hapa kuna chai. Nimekuja na kikombe kile. Ajwang, ukishakunywa usikioshe, nipe hivyo hivyo.

Dada yangu Wangui, lala kwa amani.