Bwana Dirisha na Ufunguo wa Stoo

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasoma mimi shemeji yake, niliyeishia darasa la saba, lakini kompyuta nimeijulia mezani kwake hadi wenye digrii wananiuliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, nyumba ya tatu nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa nne wa fundi saa, akamaliza shule ya msingi 1981, sekondari 1985, kisha chuo cha ufundi, kote akishika namba moja, na anayebisha asimame.

Tarehe 3 Juni 1996 aliajiriwa hospitalini kutunza kanzidata, yaani stoo ya kumbukumbu za wagonjwa ndani ya kompyuta, akaiandikia taratibu mia mbili na kumi na nne, kila moja akiiita dirisha: programu ya nje, iwe ya maabara au ya famasi, inabisha hodi, inataja jina, inapewa ilichoomba tu, na daftari linaandika nani kaja saa ngapi, ila kuingia stoo, marufuku.

Tarehe 12 Desemba 1998 alimuoa dada yangu, wakajaliwa mabinti wawili, ambao hata chumvi mezani aliwaambia, "Bisheni hodi, wanangu, mtaje na kiasi."

Tarehe 3 Februari mwaka huu mkurugenzi, aliyekaa safu ya pili pale, mwenye miwani, alitaka programu mpya ya simu ipewe ufunguo wa stoo nzima, marehemu akasema, "Mzee, tuipe dirisha, mlango hapana," akajibiwa, "Wewe na madirisha yako unatuchelewesha," ufunguo ukatolewa, na siku ya tisa programu ikavuruga makundi ya damu ya wagonjwa mia tatu, halafu barua ya uzembe mkurugenzi akamwandikia marehemu.

Presha ikampanda, akalazwa tarehe 20, akafariki tarehe 2 Machi saa nne asubuhi, barua ikiwa chini ya mto.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliopokezana kukesha naye, na wafanyakazi wenzake, hasa dada wa maabara, ambaye asingeshtukia mapema makundi yale ya damu leo tungesoma historia za marehemu wengi, na ndiye aliyetuletea daftari: siku ile dirishani hakupita mtu, walipita mlangoni, na fomu ya ufunguo ina sahihi moja, si ya marehemu.

Basi mkurugenzi, kabla jeneza halijafungwa, dirisha liko wazi, bisha hodi, taja jina lako, useme barua ile umeifuta.

Shemeji, pumzika kwa amani, sisi tunamsubiri hapa.